Kengele zililia, hakuna aliyeitika: namna ya kupima programu za XDR

Tarehe 30 Novemba 2013, siku mbili baada ya sikukuu ya Shukrani nchini Marekani, kengele ililia ndani ya mfumo wa ulinzi wa kampuni ya maduka ya Target. Wadukuzi walikuwa wameshaingia kwa kutumia nywila iliyoibwa kutoka kampuni ndogo ya majokofu na viyoyozi iliyokuwa ikiwafanyia kazi, na sasa walikuwa wakipandikiza programu ya kunyonya namba za kadi kwenye mashine za kulipia madukani. Chombo kilichotoa kengele kilikuwa cha FireEye, kampuni ya programu za ulinzi. Kilikuwa kimegharimu dola milioni 1.6 na hakijamaliza hata mwaka tangu kifungwe. Wataalamu wa Target waliokuwa zamu Bangalore, India, waliiona arifa wakaipeleka makao makuu Minneapolis. Tarehe 2 Desemba ikaja nyingine. Siku hizohizo programu ya Symantec iliyokuwa kwenye kompyuta za kampuni nayo ikatilia shaka mwenendo wa seva ileile.

Hakuna aliyechukua hatua. FireEye ilikuwa na uwezo wa kuifuta programu hasidi yenyewe, bila kumsubiri mtu, lakini uwezo huo ulikuwa umezimwa. Target walishtuka tarehe 12 Desemba, baada ya kuarifiwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Kufikia hapo namba za kadi milioni 40 zilikuwa zimeshatoka, pamoja na taarifa binafsi za wateja milioni 70.

Ukitaka kuelewa kwa nini leo kila muuzaji wa programu za ulinzi anakuimbia herufi tatu, XDR, anzia kwenye kisa hicho. Target hawakukosa vyombo. Vyombo viwili vya kampuni mbili tofauti viliinyooshea kidole seva moja ndani ya siku chache, na hapakuwa na kitu kilichowaambia watu wa zamu kwamba vidole hivyo viwili vinaonyesha mahali pamoja. Kituo cha ulinzi cha kampuni kubwa hupokea arifa kwa maelfu kila siku, na nyingi ni za uongo. Mtu akishazoea kuona mia moja zisizo na maana, ya mia na moja ataipita vilevile.

XDR ni kifupi cha jina la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu tungeliita ugunduzi na uitikiaji uliopanuliwa. Jina lilitoka mwaka 2018 kwa Nir Zuk, mmoja wa waanzilishi wa Palo Alto Networks, kampuni ya ulinzi wa mitandao, lakini wazo lina mababu wawili. Babu wa kwanza ni EDR, ambayo Anton Chuvakin, akiwa mchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Gartner, aliipa jina mwaka 2013. Antivirusi ya zamani ilikuwa ikilinganisha faili na orodha ya wahalifu wanaojulikana. EDR ikaja na tabia nyingine: inakaa ndani ya kompyuta na kuandika kila kinachotendeka, programu gani imeamsha programu gani, imegusa faili lipi, imepiga hodi kwenye anwani gani ya intaneti. Inatazama mwenendo. Babu wa pili ni SIEM, jina la mwaka 2005, ghala kubwa ambamo kumbukumbu za matukio kutoka kila mahali, fayawoli (chombo kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye mtandao), seva, barua pepe, hurundikwa pamoja ili mtaalamu apekue. EDR inaona kwa undani lakini inaona kompyuta tu. SIEM inaona kote, ila bila mtu mwenye ujuzi wa kuiuliza maswali inabaki kuwa ghala lililojaa na mlinzi hana ufunguo.

XDR inadai kuchukua undani wa EDR na upana wa SIEM, kisha kufanya yenyewe kazi ya kuunganisha.

Chukua mfano wa kampuni ya kusafirisha mizigo Mombasa yenye kompyuta sitini. Jumatatu saa nne asubuhi mhasibu anapokea barua pepe yenye ankara. Anaifungua kwa Word. Word inaiamsha PowerShell, chombo halali kabisa kilichomo ndani ya kila Windows, ambacho mafundi hukitumia kila siku. Dakika tatu baadaye kompyuta ile inawasiliana na anwani ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuitembelea. Saa saba mchana akaunti ya mhasibu inaingia kwenye seva ya mafaili na kufungua folda ambazo hajawahi kuzigusa. Saa nane usiku gigabaiti 12 zinatoka nje ya mtandao.

Kichujio cha barua pepe kiliona ankara kikasema haijathibitika. Kompyuta iliona PowerShell, jambo la kila siku. Fayawoli iliona anwani mpya, na anwani mpya ni nyingi. Seva iliona nywila sahihi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake na kila kipande kilikuwa kidogo mno kuamsha mtu. XDR hushika vitu vinavyofanana katika vipande hivyo, yaani jina la mtumiaji, jina la kifaa, alama ya faili, anwani, na muda, ikavishona kuwa kisa kimoja chenye mwanzo na mwendo. Badala ya arifa tano zenye rangi ya njano, mtu wa zamu anaona tukio moja jekundu, na ndani yake mtiririko mzima kuanzia ankara.

Hapo kwenye muda pana jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji. Kama saa ya seva yako iko nyuma dakika ishirini na ya fayawoli iko mbele kumi, ushonaji huo unaharibika, kwa sababu mfumo unaona matokeo kabla ya chanzo. Ofisi nyingi zina angalau kifaa kimoja ambacho saa yake haijawahi kurekebishwa tangu siku kilipofungwa. Kulinganisha saa za vifaa vyote na chanzo kimoja hakugharimu chochote, na kufanyike kabla hujaongea na muuzaji yeyote.

Zilikozaliwa

Ukizipanga programu hizi kwa orodha ya uwezo, kama majedwali ya wauzaji yanavyofanya, zote zitafanana. Kila safu itajaa alama za ndiyo. Mimi huuliza swali jingine: hii ilizaliwa wapi? Programu ya XDR huona vizuri zaidi kule ilikoanzia maisha, na kwingine huona kwa macho ya kuazima.

CrowdStrike na SentinelOne zilizaliwa kwenye kompyuta. CrowdStrike ilianzishwa mwaka 2011, SentinelOne mwaka 2013, na zote mbili zilijijengea jina kwa ajenti, ile programu ndogo inayokaa ndani ya mashine na kutazama. Undani wao hapo ni mkubwa. Cortex XDR ya Palo Alto Networks, iliyotoka mwaka 2019, ni ya kampuni iliyokulia kwenye fayawoli, kwa hiyo anayemiliki tayari fayawoli zao anapata picha ya mtandao ambayo jirani yake mwenye fayawoli ya kampuni nyingine hataipata kwa ukamilifu uleule. Cisco nayo, iliyoingia sokoni na XDR yake mwaka 2023, ni mtoto wa mtandao. Microsoft ina nafasi ya pekee, kwa sababu ndiyo inayomiliki Windows yenyewe, barua pepe za Microsoft 365, na mfumo wa akaunti ambao wafanyakazi huingilia. Bidhaa yake, ambayo tangu mwishoni mwa 2023 inaitwa Microsoft Defender XDR, huona akaunti na barua kwa urahisi ambao wengine wanaupata kwa kuomba ruhusa mlangoni.

Wazuh ni ya ukoo mwingine kabisa. Ni programu huria, haina ada ya leseni, na imetokana na OSSEC, mradi ulioanzishwa na Daniel Cid mwaka 2004 kwa ajili ya kuchunguza kumbukumbu za seva. Kwa hiyo nguvu yake iko kwenye kumbukumbu, kwenye mabadiliko ya mafaili, na kwenye seva za Linux. Ukiisikia inaitwa ya bure, ongeza moyoni mwako seva ya kuiendeshea, diski za kuhifadhia, na fundi anayejua kuandika kanuni zake. Kwa taasisi yenye vijana wawili watatu wenye ari ya kujifunza, naipenda sana. Kwa kampuni yenye fundi mmoja anayeshughulikia pia printa na nyaya, itakuwa ghala jingine lisilofunguliwa.

Wataalamu hugawa XDR katika makundi mawili. Ile ya nyumba moja hutaka vyombo vyote viwe vya kampuni ileile, na ile iliyo wazi hukubali kuungana na vyombo vya wengine. Ya nyumba moja huungana vizuri kwa sababu vipande vilitengenezwa kujuana, lakini inakufunga. Ya wazi inakuachia uhuru, ila neno “inaunganishwa” lina maana nyingi. Kuna kuunganishwa kwa kusoma kumbukumbu tu, na kuna kuunganishwa kwa kuweza kutoa amri. Kama XDR inasoma fayawoli yako lakini haiwezi kuiambia ifunge anwani fulani, nusu ya pili ya jina lake, uitikiaji, hukuinunua. Muulize muuzaji kwa kila kifaa ulicho nacho: inasoma, au inaamuru?

Na kufungwa si jambo la nadharia. Carbon Black, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa ya EDR, ilinunuliwa na VMware mwaka 2019. Broadcom wakainunua VMware mwaka 2023, kisha wakaiunganisha Carbon Black na Symantec waliyokuwa nayo tayari. FireEye, walewale wa kisa cha Target, waliunganishwa na tawi la biashara la McAfee, na mwaka 2022 likazaliwa jina jipya, Trellix. Secureworks wakameezwa na Sophos mwaka 2025. Kaspersky, ambayo hapa kwetu ipo kwenye kompyuta nyingi, ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2024, na masasisho yake huko yakasimama tarehe 29 Septemba mwaka huo. Anayesaini mkataba wa miaka mitatu anafunga ndoa na kampuni ambayo huenda ikabadilisha jina na mwenyewe kabla mkataba haujaisha. Mkataba wa mwaka mmoja ni ghali kidogo kwa mwezi, nami ningeulipia.

Mwizi asiyegusa kompyuta

Biashara nyingi za ukubwa wa kati haziibiwi kwa virusi. Zinaibiwa kwa barua pepe. Mtu anapata nywila ya meneja, anaingia kwenye barua zake kutoka mbali, anaweka kanuni ya kimyakimya inayopeleka nakala za barua zenye neno “malipo” kwake, anasoma kwa wiki mbili, kisha siku ya ankara kubwa anamwandikia mteja: akaunti yetu ya benki imebadilika. FBI katika ripoti yake ya mwaka 2024 ilihesabu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.7 kutokana na ulaghai wa aina hii, kwa walalamikaji waliofika kwake tu.

Tazama sasa: hakuna programu hasidi iliyoingia kwenye kompyuta yoyote ya ofisi. Ajenti bora duniani, likiwa kwenye kila mashine, halitaona kitu, kwa sababu kila kitu kimetendeka kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali za kampuni ya barua pepe. Kinachoweza kuona ni XDR inayosoma kumbukumbu za akaunti na barua, na kushangaa kwamba meneja aliyeingia kutoka Dodoma saa tatu ameingia tena saa tatu na nusu kutoka bara jingine, kisha ameunda kanuni ya kupeleka barua nje. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bidhaa, jua barua zako ziko wapi. Kampuni inayotumia Google Workspace isipime kifurushi cha Microsoft ikadhani barua zake zitaonekana kwa undani uleule, na kampuni iliyo kwenye Microsoft 365 inayotaka kununua XDR ya nje ihakikishe kwamba imeunganishwa na akaunti na barua, na kwamba uunganisho huo umo kwenye bei iliyotajiwa. Mara nyingi ni nyongeza.

Kisa cha pili ni cha kundi la wadukuzi la Akira, kilichoelezwa na kampuni ya uchunguzi ya S-RM mwaka 2025. Wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa kampuni moja, wakajaribu kupandikiza programu yao ya kudai fidia kwenye seva ya Windows. EDR ikaikamata na kuiweka karantini. Ilifanya kazi yake sawasawa. Wadukuzi wakarudi nyuma, wakachunguza mtandao, wakakuta kamera ya intaneti. Kamera ile ilikuwa ikiendeshwa na Linux, ilikuwa na udhaifu uliojulikana, na hapakuwa na ajenti wa ulinzi anayeweza kukaa ndani yake. Kutoka kwenye kamera wakazifungua folda za seva kupitia mtandao na kuzifungia mafaili moja baada ya jingine. Seva zilizolindwa zilifungwa na kamera.

Trafiki kubwa isiyo ya kawaida ilikuwa ikitoka kwenye kamera kwenda kwenye seva. Mwenye kutazama mtandao angeweza kuiona. Hicho ndicho herufi X inapaswa kumaanisha: uwezo wa kuona vifaa visivyoweza kubeba ajenti. Kamera, printa, mashine za alama za vidole za mahudhurio, vifaa vya mizani bandarini, vifaa vya hospitali. Na pia kompyuta kongwe, maana msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025 na ofisi nyingi bado zinaitumia. Orodhesha kila kitu chenye waya au Wi-Fi ofisini kwako, kisha mpe muuzaji orodha hiyo na umwombe aweke alama mbele ya kila kimoja: tutakiona kwa ajenti, kwa mtandao, au hatutakiona. Safu ya tatu ndiyo itakayokuambia ukweli wa bidhaa yake kuliko jedwali lake lote.

Saa nane usiku

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapa.

Wadukuzi wanapenda usiku, mwisho wa wiki na sikukuu. Kisa cha Target kilitokea wikiendi ya sikukuu. XDR itakayoshona kisa kizuri saa nane usiku na kukiweka kwenye dashibodi mpaka fundi afike saa mbili asubuhi imempa mwizi saa sita. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi. Gawanya, utaona kiti kimoja tu cha zamu kinahitaji karibu watu wanne wasiougua, wasioenda likizo, wasiofiwa. Kwa hali halisi ni watano au sita. Kampuni ya watu sitini haiwezi kuajiri sita wa kukesha.

Ndiyo maana karibu kila muuzaji anauza pia huduma ya MDR, ambapo wataalamu wake wanakesha kwa niaba yako. Kwa biashara ndogo na za kati, naamini hili ndilo la kulinganisha kwanza, na programu yenyewe ije baadaye. Programu ya wastani inayotazamwa na mtu macho itakulinda kuliko programu bora isiyotazamwa na yeyote. Lakini huduma hizi nazo zinatofautiana. Wapo wanaokesha na kukutumia barua pepe tu. Wapo wanaopiga simu. Na wapo waliopewa mamlaka ya kuitenga kompyuta na kufunga akaunti palepale, halafu ndiyo wakupigie. Soma mkataba uone neno linalotumika, kama ni kuarifu au kuzuia, na uulize simu yao itaingia kwa nani, kwa lugha gani, na kama namba hiyo ikizimwa nani anafuata.

Mamlaka ya kutenda ni mjadala mgumu na hauna jibu moja. Target walizima uwezo wa kufuta wenyewe, na wataalamu wengi hufanya hivyo kwa hofu ya kweli: programu ikitenga seva ya mauzo kimakosa siku ya mwisho wa mwezi, hasara ni ya papo hapo na lawama ina jina. Njia ninayoipendekeza ni kugawa mali zako. Kompyuta za wafanyakazi, ruhusu zitengwe moja kwa moja saa yoyote, maana mhasibu mmoja kukosa kompyuta saa mbili si msiba. Akaunti za kawaida, vivyo hivyo. Seva za mauzo na za malipo, ziwe na mtu mwenye jina anayepigiwa, naye awe ameandikiwa kabla kwamba ana ruhusa ya kusema “tenga” bila kumtafuta mkurugenzi. Uamuzi huo ufanyike mchana, watu wakiwa wametulia.

Halafu kuna hatari inayotoka kwa mlinzi mwenyewe. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, CrowdStrike walisambaza sasisho dogo la kanuni za ugunduzi. Sasisho hilo lilitegemea sehemu 21 za taarifa wakati ajenti ilikuwa ikitoa 20. Kwa kuwa ajenti hiyo hukaa kwenye keneli, kiini cha Windows, kosa halikuishia kwenye programu. Liliangusha mashine nzima na kuleta skrini ya buluu. Waliliondoa baada ya dakika 78. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 zilianguka, na shirika la ndege la Delta peke yake likafuta safari kama 7,000. Mashine nyingi zilihitaji mtu aende kwa miguu hadi zilipo, aziwashe kwa hali salama, afute faili.

Sikielezi kisa hiki ili kuwatia watu hofu na bidhaa ya CrowdStrike, ambayo inaendelea kuwa miongoni mwa zenye uwezo mkubwa. Nakieleza kwa sababu kimetupa swali la kuuliza kila muuzaji: masasisho ya kanuni, na si ya programu tu, naweza kuyapokea kwa awamu? Kompyuta tano za majaribio zitangulie, seva zifuate kesho. Anayeweza kukujibu kwa kukuonyesha mahali pa kuweka mpangilio huo, ndani ya dashibodi, amejifunza kitu mwaka 2024. Na funguo za kufungulia diski zilizosimbwa zichapishwe ziwekwe mahali pasipohitaji kompyuta, kwa sababu siku ile walikuwapo mafundi waliokuwa wamehifadhi funguo kwenye seva ambayo nayo ilikuwa imeanguka.

Kusoma matokeo ya majaribio

Muuzaji atakuonyesha asilimia mia. Wote watakuonyesha asilimia mia, na wote watasema imetoka MITRE. Shirika la MITRE la Marekani lina kamusi ya mbinu za wadukuzi iitwayo ATT&CK, iliyowekwa wazi kwa umma mwaka 2015, na tangu 2018 limekuwa likifanya majaribio ambapo linaigiza kundi fulani la wadukuzi hatua kwa hatua na kurekodi kila bidhaa imeona nini. Kazi yao ni nzuri na matokeo yako wazi. Lakini MITRE yenyewe haitoi alama za ushindi wala haipangi nani wa kwanza. Asilimia zinahesabiwa na idara za masoko.

Ukifungua matokeo mwenyewe, tazama mambo ambayo hayapo kwenye tangazo. Je, kampuni ilibadilisha mipangilio katikati ya jaribio ili ione ilichokikosa mara ya kwanza? Je, ugunduzi ulikuja palepale au ulichelewa? Je, iliona tukio ghafi tu, au ilieleza ni mbinu gani? Katika awamu ya mwaka 2024 MITRE waliongeza kipimo cha kengele za uongo, na kwa maoni yangu hicho ndicho chenye thamani kwa ofisi yenye fundi mmoja. Ujue pia kwamba mwaka 2025 Microsoft, SentinelOne na Palo Alto Networks walitangaza kutoshiriki awamu ya mwaka huo, kwa hiyo kukosekana kwa jina kwenye jedwali hakumaanishi kushindwa.

Bei nayo ina mitego yake. Wengine huhesabu kwa kifaa, wengine kwa mtumiaji, wengine kwa gigabaiti za kumbukumbu zinazoingia. Ya gigabaiti ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu siku ya mashambulizi ndiyo siku kumbukumbu huongezeka, na mtu akianza kuzima vyanzo vya kumbukumbu ili kupunguza ankara, anazima macho aliyoyanunua. Kupata kipimo cha chini cha kulinganishia, Microsoft Defender for Business ilipotoka mwaka 2022 iliwekewa dola 3 kwa mtumiaji kwa mwezi, na imo pia ndani ya Microsoft 365 Business Premium, inayoishia watumiaji 300. Wapo wanaolipia Business Premium kila mwezi na hawajawahi kuiwasha. Angalia leseni zako kwanza. Na kwa kuwa karibu vyote vinalipwa kwa dola, bajeti ya shilingi iachiwe nafasi ya kupumua.

Uliza pia data hukaa siku ngapi. Microsoft Defender huruhusu kupekua matukio ghafi ya siku 30 zilizopita. Kampuni ya uchunguzi ya Mandiant, katika visa ilivyoshughulikia mwaka 2024, ilikuta kwamba nusu ya wadukuzi waligunduliwa ndani ya siku 11, kutoka siku 416 mwaka 2011. Siku 30 zinatosha kwa visa vingi. Lakini ile nusu nyingine ina ya miezi, na sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa anayekusanya na kutumia data za watu saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data tangu ajue kwamba taarifa zimevuja. Ndani ya saa hizo utaulizwa nini kimechukuliwa. Kama mwizi aliingia Januari na kumbukumbu zako zinaanzia Machi, utasema nini?

Jaribu kwako

Usinunue kwa onyesho la muuzaji. Omba majaribio ya siku thelathini, ifunge kwenye mashine kumi za kweli, ikiwamo iliyo nzee kuliko zote na ile yenye programu ya uhasibu ambayo kila antivirusi huigombeza. Wiki mbili za kwanza usifanye chochote ila kuhesabu kengele za uongo na kusikiliza wafanyakazi wakilalamika kompyuta imekuwa nzito. Kama ofisi yenu ya tawi inatumia modemu ya simu, pima ajenti inakula data kiasi gani kwa siku.

Kisha ijaribu kwa vitendo. Lile faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68, linapima antivirusi tu. Kila bidhaa italikamata na hutajifunza kitu. Tumia Atomic Red Team, mkusanyiko huria wa majaribio madogo ulioanzishwa na Red Canary, ambamo kila jaribio huigiza mbinu moja ya kwenye kamusi ya MITRE. Chagua matano: PowerShell iliyofichwa maandishi, akaunti mpya ya msimamizi, kazi iliyopangwa kujiendesha usiku, kupekua nywila zilizohifadhiwa, kupeleka faili nje. Yaendeshe kwenye mashine moja ya majaribio, kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi, na usimwambie anayekesha.

Yaendeshe Ijumaa, saa tano usiku. Andika dakika uliyoanza kwenye karatasi, weka simu ya zamu mezani, usubiri uone itachukua dakika ngapi kulia, na anayepiga ataeleza kisa kimoja au atasoma arifa tano.